Nilisema Mimi ni Mtu wa Kukaa Uchi, Baba Mkwe Akachomoa Mrija

Shangazi Siti, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, maana ukisoma kidogo tu utadhani nimerukwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Kasulu, nina kibaraza changu na wateja wa kutosha, kanisani naenda, ila nikifika nyumbani nafunga mlango navua kila kitu nakaa hivyo hivyo, napika hivyo hivyo, hata suruali za watu nazimalizia hivyo hivyo, wala sina tamaa mbaya, mwili unapumzika tu, na nilianza utotoni kwetu Nyakitonto tulipokuwa tunaoga mtoni, wanaume upande wetu na wanawake wao, wenzangu wakishavaa na kuondoka mimi nabaki juu ya jiwe naota jua mpaka niitwe. Sasa mwaka juzi alikuja mzungu wa kuchimba visima vya kambi za wakimbizi, akaniletea kaptura nimbadilishie zipu, katika maongezi akasema kwao wapo watu wanaokaa uchi kwa kupenda kwao, wake kwa waume, wana chama na sehemu yao yenye uzio, wala si wahuni, na yeye ni mmoja wao. Shangazi, nilifurahi, kumbe siko peke yangu, na tangu siku hiyo nikajiita hivyo moyoni kwa fahari.

Tatizo limetokea Muyama, siku ya kujitambulisha kwa kina Rosa, mchumba wangu. Kwetu chungu cha urwarwa, ile pombe ya ndizi, kinawekwa katikati, kila mtu na mrija wake, na kijana anayeoa hatumbukizi wake mpaka ajieleze mwenyewe. Mshenga wangu, mzee Evaristi, alishanisifia vizuri, nami nikaona haifai kuingia ukoo wa watu nimeficha kitu, nikaongeza, "Na mimi ni mtu wa kukaa uchi." Mzee Ndayiragije, baba yake Rosa, hakugomba, alichomoa mrija wake chunguni akaupangusa, wengine wote wakachomoa, nikabaki nimeshika wangu mkavu. Mzee kasema nikane mbele ya wote au uchumba ufe. Rosa kamtuma kaka yake na swali moja tu, "Hiyo nyumba itakuwa yako au yetu?" Nampenda Rosa sana, ila kukana siwezi kwa kuwa ni kweli. Nifanyeje?

Marselino, Kasulu

Marselino mwanangu, marahaba. Kichaa huna, domo ndilo unalo.

Huko Nyakitonto wanaume wazima wanaoga uchi kila jioni na hakuna aliyewahi kuwatangazia wakwe. Wewe umemsikia mzungu ana jina la jambo hilo, ukalibeba, lakini hukumsikiliza vizuri. Alikuambia wana uzio. Maana yake aliyemo ndani amekubali, na asiyekubali haletewi mbele ya macho yake. Kujiita mtu wa kukaa uchi kunaanza na kukubaliana, kuvua nguo ni baadaye. Huyo mzungu alikuja kibarazani kwako na kaptura moja mkononi na nyingine mwilini, au siyo?

Sasa wewe, pale kwenye chungu ulimwuliza nani? Mzee wa watu amekaa na shemeji zake, unamvulia kwa mdomo. Na kinachoniudhi zaidi, atakayeishi na huo uchi wako ni Rosa, naye kausikia siku moja na majirani. Hapo ndipo ulipokosea. Binti mwingine angekimbia. Huyu kakuuliza swali la mtu anayetaka kuolewa, wewe unaliita swali moja tu.

Usikane. Ukidanganya ili uoe, utaishi unajificha chumbani kwako mwenyewe. Vaa suruali iliyopigwa pasi, nenda Muyama, kaeni mahali watu wanawaona ila hawawasikii, umwambie Rosa nyumba ni yetu. Mpange lini mlango ufungwe, mama yake akija itakuwaje, na watoto je. Akisema hawezi kabisa, usimlazimishe, chagua kimoja na usilalamike. Na kushona uchi uache leo, pasi ya mkaa haina huruma.

Akikubali, mtume Evaristi na chungu kipya. Mbele ya mzee sema hivi tu: "Baba, lile ni la chumbani, nililitoa nje bila kumwuliza mwenzangu. Tumeshazungumza." Halafu funga mdomo. Mzee akirudisha mrija wake, tumbukiza na wako unywe, na atakayekuuliza wewe ni nani, mwambie ni mume wa Rosa.