Mafuta ya Makonyo

Jumapili, 7 Septemba 2025

Amplifaya ya msikiti imekata sauti! Ile niliyoiunda kwa mikono yangu, ya kujivunia mtaa mzima wa Madungu. Mzee Kificho, muadhini wetu, alikuwa anatangaza kifo cha Mzee Mabruki. Akafika "maziko ni saa—" basi. Spika zote kimya.

Maziko yalikuwa saa saba, baada ya Adhuhuri. Jecha, mdogo wake marehemu, alikuwa shamba juu ya mkarafuu, simu kaiacha nyumbani. Kifo kakisikia kwa spika, saa hakuisikia; akadhani ni baada ya Alasiri, kama ilivyo kawaida. Kila mtu naye akadhani mwenzake kamwita. Akaja saa kumi, kaoga, kavaa kanzu nyeupe. Kaburi limeshafukiwa.

Watu wanamlaumu Kificho: anashika maikrofoni kwa mikono ya udhu, inachuruzika maji. Nikaulizwa miye fundi, maji yanaweza kuiua? Nikasema yanaweza.

Si uongo. Maji yanaweza.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeifungua. Fyuzi nzima. Transista nzima. Waya zote zimeshika. Nikageuza volyumu — inazunguka hovyo, haishiki popote. Nikaing'oa, nikainusa. Karafuu!

Ah, miye! Wiki iliyopita ilikuwa inakwaruza. Dawa ya kusafishia imeniishia, uvivu wa kwenda dukani, nikatia matone ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Kichupa cha mama, cha kuchulia magoti. Ikalainika, nikajiona bingwa. Kumbe yanakula plastiki. Ndani imekuwa kama halua. Na maji hayamo hata tone.

Msimu huu Pemba yote inanuka karafuu. Nani atanishuku? Nimeliwaza hilo, na nimelionea haya.

Jumatano, 10 Septemba

Dukani kwa Devji, kununua volyumu mpya. Akaichukua ile mbovu, akaipeleka puani. Akauliza nani katia mafuta humu. Nikasema sijui. Mzee wa watu akanitazama juu ya miwani, akaifunga mpya kwenye karatasi. Akasema yeye anauza vifaa tu, ya watu hayauzi.

Jioni kamati ya msikiti ikakaa. Kificho asiguse tena maikrofoni. Kuanzia kesho kutwa ataadhini kijana Hafiz. Miaka ishirini na sita ya adhana! Wanasema mzee hakubisha, kaitikia tu.

Jina lake Kificho, lakini mwenye kuficha ni miye.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda mpaka mlangoni kwake. Nikasikia anakohoa. Nikarudi.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tano asubuhi. Naandika msikitini, daftari gotini. Volyumu mpya nimeshaichomea. Amplifaya nimeiwasha, naiacha nusu saa ipate moto nione kama itakata. Haikati. Haikwaruzi. Kazi nzuri, na sina raha nayo.

Kificho kaingia. Kasimama mbali, anafuta mikono kwenye kanzu. Mikavu, lakini anaifuta. Nikamwambia karibu, Mzee. Akasema hapo alipo panamtosha. Halafu akaja polepole, akakaa mbele yangu, maikrofoni katikati yetu.

"Mwanangu, nisamehe," kasema. "Nimekuharibia kazi yako kwa maji yangu. Na Jecha nimemkosesha kumzika nduguye. Nataka msamaha wako kabla ya sala."

Nimeisikia sauti yake mara mbili. Hapa, na huko nje juu ya mapaa.

Maikrofoni iko wazi! Yeye hajatambua. Taa nyekundu inawaka. Barabarani mtu kazima pikipiki. Wale wa barazani walikuwa wanacheka, sasa siwasikii.

Mzee ananitazama, anasubiri. Nimeinamia daftari, kama kwamba naandika mambo ya waya. Mkono wa kushoto uko kwenye volyumu. Nikiifunga, nitamjibu yeye peke yake.

Sijaifunga.