Setilaiti Yetu na Mikorosho ya Marehemu Baba

Mama yangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Goti linasemaje? Na dada Mwanahawa, bado anakufichia viatu ili usiende shamba? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Japani inaniingia mpaka kwenye meno. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, kila nikianza kueleza kazi yangu, unaniuliza nimekula nini. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unajua tunaunda setilaiti, ndogo tu, unaweza kuipakata kama kuku. Ya kwanza iliruka ikafanya kazi, na mkuu wetu akaipenda kama mtoto wa kwanza. Ya pili tukaitengeneza kwa ramani ileile, tukaongeza kamera yenye nguvu. Ikawa inachemka ndani. Tukaweka bamba la kutoa joto, uzito ukazidi. Tukapunguza betri, kamera ikawa inazimika. Kila dawa ilizaa ugonjwa wake. Mkuu akasema turekebishe tena, maana kilichokwisha kuruka kina ushahidi na kipya hakina. Hakukosea. Nimeona wahandisi wanaovunja kila kitu kwa kutafuta jina tu.

Lakini nilikukumbuka wewe na mikorosho ya marehemu baba. Misimu mingapi uliipogoa na kuipulizia salfa, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua, ukarudi? Mti mmoja mmoja haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye nafasi: baba aliipanda ikabanana, jua na upepo havipiti. Kwa heshima yake ulikataa kuigusa, mpaka siku ile uliposhika shoka mwenyewe huku unalia. Ukapanda upya kwa kamba ya kupimia, lakini mbegu ukachukua kwenye miti yake ileile iliyozaa vizuri. Mjomba Hamisi, kwa hasira ya miti kukatwa, hakukusemesha mpaka Ramadhani.

Setilaiti yetu ni hivyohivyo. Vipande vizima, mpangilio mbaya: betri imekaa ubavuni mwa redio, zote mbili zinapikana. Shida ni kwamba tukianza upya tunakosa nafasi kwenye roketi ya mwaka huu, na mkataba wangu unaisha kabla ya roketi nyingine. Niliogopa wiki nzima, Mama. Kisha nikasimama kikaoni nikasema, "Tukirekebisha tena, tutakuwa tunaiheshimu ramani kuliko kazi yenyewe."

Mkuu aliomba vipimo vyote vya joto, akavipitia siku tatu. Siku ya nne akasema, "Redio na kompyuta zibaki. Boksi la kubebea vyote tulichore upya."

Kwa hiyo itakaporuka sitakuwepo. Nimelia kidogo, sikufichi. Ila nakushukuru sana, Mama. Niliyaona machozi yako siku ile na bado ulikata. Nisingeyaona, ningelinda mkataba wangu na kuwaacha wenzangu warushe kitu kibovu.

Nisalimie dada Mwanahawa, na mjomba Hamisi, mwambie sina kinyongo naye kama wewe usivyokuwa nacho. Shangazi Salma wa Somanga mwambie samaki wake wa kukaanga nawaota.

Kazi ya kuchora boksi jipya nimepewa mimi. Nimeanza leo asubuhi. Niombee dua niimalize kabla sijafunga begi, ili atakayekuja nyuma yangu asikute cha kukata.

Mwanao,
Somoe