Njagi wa Sanduku la Posta

Kiambere
2 Februari 1997

Mpendwa Shangazi Nelius,

Hujambo huko Embu? Na mgongo, umepoa? Sisi tunaendelea, ila jua limemaliza ndengu zote shambani. Mama anakusalimu.

Shangazi, tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiwaza nitamsaidiaje Mama. Gazetini niliona tangazo la mashine za kufuma sweta, zinauzwa kwa posta kutoka Nairobi. Nikaandika kuuliza bei. Kwa adabu nilijitambulisha kuwa ni Ruguru, binti wa marehemu Njagi. Jibu lilipofika nililisoma mara mbili. Mwenye mashine pia anaitwa Njagi! Ameandika, "Mwanangu, Mungu hakukuacha bila baba."

Nilipomsomea Mama alijifunika uso kwa leso, kisha akacheka. Hakuwa amecheka tangu tumzike Baba. Unajua kwetu mwenye jina la baba ni baba. Mama ameuza mbuzi wawili, tumetuma malipo ya kwanza. Katikati ya Machi atauza ng'ombe wetu mtamba tumalizie, ndipo mashine itumwe.

Mwanao,
Ruguru


Embu
11 Februari 1997

Mwanangu Ruguru,

Salamu zako zimenifikia, na mgongo unavumilika. Wewe je, unakula?

Nimesoma barua yako hapa ofisini hadi Makandi, ninayeshiriki naye meza, akaniuliza, "Nani amekufa?" Niambie: duka la huyo mtu liko mtaa gani? Nani wa kwetu amewahi kuiona mashine yake? Na lile tangazo, lilikuwa na jina la Njagi kabla wewe hujamtajia la baba yako?

Sanduku la posta si duka. Yeyote anaweza kulikodi leo na kuliacha kesho. Njagi alikuwa ndugu yangu kabla hajawa baba yako, nami sitaki jina lake lichezewe. Tafadhali, msiuze mtamba.

Shangazi yako,
Nelius


Kiambere
19 Februari 1997

Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi tupo tu, mvua bado.

Nilimsomea Mama barua yako. Alisema, "Mwambie Nelius yeye ana mshahara. Mimi nina mtamba." Nisamehe, ni maneno yake. Hata mimi niliumia kidogo. Ni kweli tangazo halikuwa na jina, ni sanduku tu. Lakini Baba Njagi ameandika tena. Anasema mashine zimebaki mbili, na tusimwambie mtu, wenye wivu ni wengi. Tena anauliza magoti ya Mama yanaendeleaje, kwa sababu nilimweleza. Mwizi anaulizia magoti, Shangazi?

Mnunuzi wa mtamba atakuja tarehe kumi na tisa Machi.

Mwanao,
Ruguru


Embu
14 Machi 1997

Mwanangu,

Leo sitakujulia hali kwa maneno mengi. Mketishe Mama kwanza, kisha umsomee.

Ile barua yako ilinikosesha usingizi. Nikaandikia sanduku lile lile. Nilitumia anwani ya Makandi, nikajiita msichana kutoka Kangeta, binti wa marehemu Mithika. Jibu limekuja jana, nimelitia humu. Utautambua mwandiko. Linasema, "Mwanangu, mimi pia naitwa Mithika. Mungu hakukuacha bila baba."

Nililia, si kwa hasira tu. Hata mimi, moyoni, nilikuwa nimetamani awe Njagi.

Shangazi yako,
Nelius


Kiambere
23 Machi 1997, Jumapili ya Matawi

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Mama anakula vizuri, magoti ni yale yale.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya mnunuzi. Nilimsomea Mama zote mbili, ya Njagi na ya Mithika. Akataka nizisome tena, mpaka chungu kikaungua. Kisha akasema, "Baba yako hangeomba ng'ombe wa mjane." Mnunuzi alipokuja, Mama alimwambia, "Rudi na kamba yako."

Polisi wameandika maelezo yetu. Mbuzi sidhani tutawaona tena.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, niliinua mkono. Unajua mimi hata kuomba chumvi kwa jirani hunishinda. Nilisimama na barua mkononi, nikaanza kusoma. Mzee mmoja akaita, "Paza sauti, msichana! Huku nyuma tunasikia mbu tu." Watu wakacheka. Nikaanza upya, nikasoma zote mbili hadi mwisho, na majina yote mawili. Hakuna aliyecheka tena.

Nilipokuwa naketi, Mama Virginia wa kwaya, yule aliyefiwa na mume mwaka jana, aliinuka polepole.

"Wangu wa posta naye anaitwa Mutugi, kama marehemu," alisema. "Nilikuwa nitume pesa kesho."

Mama alisogea kwenye benchi, akampa nafasi aketi karibu naye.

Mwanao,
Ruguru