Nilimsikia Akinikana, Nikiwa Jikoni

Jumamosi. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Shajara yangu, habari za tangu juzi. Sisi hapa Bulyaga hatujambo. Baba Neema hajambo, yumo ndani kajifunika blanketi utafikiri mgonjwa. Neema hajambo, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni akanionyesha pa kubonyeza. Upendo hajambo, kikohozi tu. Mama mkwe kule Masukulu hajambo, ila goti. Baba mkwe hajambo sana, leo alikuwa hapa. Na Atupele wangu, aliyelala kwenye migomba ya Masukulu mwaka wa tatu sasa, naye namtaja, maana ni wa nyumbani.

Mimi sijambo. Hapana, nadanganya.

Niliishia darasa la saba, ukinibana kwa maandiko siwezi kujibu. Ninachojua ni kimoja. Jirani yetu, mwalimu aliyehamia kutoka Sumbawanga, ni Mkatoliki. Mwaka jana alitualika misa ya kuwaombea marehemu, akasema niandike jina la mwanangu. Padri akasoma majina. Alipofika kwa Atupele nikasikia benchi linatikisika. Ni mume wangu analia. Msibani hakulia.

Kanisa tulilokulia linazika vizuri na kuimba vizuri. Lakini mtu akishazikwa tunamwachia Mungu, tunanyamaza. Sisemi ni vibaya. Mimi ndiye nilishindwa kunyamaza.

Njiani kurudi, mume wangu akaniambia mwenyewe, "Mama Neema, hapa tutarudi."

Yeye ndiye alisema.

Tukaanza mafundisho ya Kikatoliki. Wiki hii anakwenda, wiki ijayo anasingizia viazi. Mara hajaelewa habari ya Bikira Maria, mara ataungamaje kwa mwanamume mwenzake. Zaidi ya yote, baba yake ni mzee wa kanisa letu la zamani, sasa yeye akihama, akifa atazikwa na nani? Simcheki. Kwetu hata ukose vyote, usikose wa kukuzika.

Kesho katekista atatusimamisha mbele ya waumini, tuseme wenyewe kama tunataka kupokelewa.

Leo baba mkwe akaja. Nilivyosikia kikohozi chake getini nikakimbilia jikoni, kama siku zote. Mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe. Miaka kumi na minane napika, wengine wanampelekea. Nikawa namenya ndizi, ukuta wenyewe ni mbao tu, nasikia kila neno. Akauliza ni nani ameanza habari ya kuhama kanisa.

Mvua ikapiga bati. Baba Neema akasema, "Ni mama Neema, baba. Mimi namsindikiza tu. Tangu afiwe hayuko sawa. Atachoka mwenyewe."

Tangu afiwe. Kana kwamba mtoto nilimzaa peke yangu.

Mzee akamwita Neema, akamtuma aje kuniambia kwamba mkamwana mwenye adabu hamtoi mume kwa baba yake. Mtoto akasimama mlangoni, machozi yanamlenga, akarudia maneno niliyokwisha kuyasikia. Ningemjibu nini? Nimtume mtoto akaseme baba yake ni mwongo?

Nikasema, "Mwambie babu nimesikia. Na chakula kiko tayari."

Mzee akala ndizi zangu. Akaomba aongezwe.

Alipoondoka, mume wangu akaja jikoni akauliza nilitaka amwambieje, yule ni baba. Nikamuuliza, "Kesho utasimama?"

Akaangalia moto. "Mvua hii, kesho njia itakuwa mbaya."

Kanisani ni dakika kumi kwa miguu.

Nami nikiri, maana nani mwingine nitamwambia. Mlango wa jikoni hauna kufuli. Ningetoka, nikasema mbele ya mzee, hapana, tulikuwa wawili, na mwanao alilia. Sikutoka. Niliogopa, nikauita woga huo adabu. Kwa hiyo leo Atupele amekanwa mara mbili, baba yake kwa mdomo, mimi kwa kumenya ndizi.

Nimepiga pasi gauni langu. Nimepiga pasi na shati lake, nimelitundika anapoliona.

Nitasimama. Ila nikisimama peke yangu, si nitakuwa nimethibitisha alichomwambia baba yake?

Wewe unayesoma, kama uliwahi kupita hapa na mwenzi anayerudi nyuma, niandikie hapo chini, tafadhali, na ufanye upesi. Misa ni saa moja asubuhi.