Ya Tisa Kwenye Foleni

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Paka wako kazaa tena ndani ya kabati la nguo.

Unakumbuka nilivyokufundisha kazi kabla hujahamishiwa tawini? Nilikuambia kompyuta yetu haina papara: kila kazi ya kuchapa, hata inayotumwa kutoka tawini, inapanga foleni, ya haraka inatangulizwa, nyingine zinangoja, na kila moja inabeba jina la aliyeituma. Ukacheka, “Kama kliniki, dada!”

Jumatatu printa ya hapa makao makuu iliishiwa karatasi. Nikafungua foleni nione kilichokwama. Ya tisa ilikuwa barua kwa meneja. Nikaisoma: dada amechoka, siku hizi anakosea hovyo, mimi naweza kushika nafasi yake. Mtumaji ni wewe.

Mimi ninaweza kufuta chochote kwenye foleni ile, na wewe unajua. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Lakini nikaweka karatasi, nikaitanguliza mbele ya zote, ikatoka safi, nikampelekea meneja kwa mkono wangu mwenyewe.

Anakuita Ijumaa. Ukija, usifikie kwangu.

Ni mimi,
dada yako aliyechoka.