Wazee Wawili na Nanasi la Ghorofa

Albert Park, Durban
Mwezi wa nane, 2015

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyekulinda wewe na watoto mpaka leo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa ugonjwa, ni wa barabara. Na ninyi huko Uvira mmeamkaje? Homa ya Josué imekwisha? Neema bado anakataa kula sombe, au amekua? Na ule ukuta wa jikoni uliolowa maji mto Mulongwe ulipofurika, yule fundi alirudi kuumalizia? Nauliza mengi kwa sababu siku hizi habari zako nazipata kwa Bahati tu, na unamjua mdogo wako: ukimuuliza kumi anajibu mawili.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Esther, mke wa mchungaji wetu, anayekwenda kumtazama mama yake mgonjwa. Mkaribishe chai, aketi apumzike. Safari ya basi toka huku si mchezo.

Bahati alikwambia nilisafiri. Hakukwambia nilikwenda kutazama nini, maana hata yeye sikumweleza. Angecheka.

Unajua kazi yangu ya kulinda magari kule South Beach, chini ya yale maghorofa yanayotazama bahari. Katika ghorofa moja wanakaa wazee wawili Wahindi. Watu wote pale wanawaita Anko na Anti, nami nikafuata. Anko alikuwa fundi umeme wa reli, sasa amestaafu, na kifua chake ni kibovu. Mtoto wao ni mmoja tu, Ravi, naye anaishi Amerika. Kila likizo huyo Ravi hutia mke na watoto garini wakazunguka nchi ile kutazama vitu, kisha anamtumia baba yake picha. Anko alikuwa akinionyesha kwenye simu nikiwa kazini, na kijileti changu cha kung'aa cha ulinzi: nyumba ya mbao alikozaliwa rais wa zamani, mijusi ya saruji mirefu kuliko kanisa letu, imesimama tu kando ya barabara, mpira wa kamba mkubwa kama kibanda, ambao watu wa kijiji wanaendelea kuuzungushia kamba kila mwaka, jengo lenye umbo la kiatu.

Alikuwa amepanga kwenda kuviona kwa macho yake. Daktari akamkatalia ndege, akasema kifua hakitafika. Siku chache baadaye akashuka, akasimama kando yangu akihema.

"Una leseni?"

"Ninayo, Anko. Hata kibali cha kubeba abiria ninacho."

"Basi utatuendesha. Nchi hii nayo ina vituko vyake. Nikifa bila kuona Amerika, angalau nisife bila kuona nanasi."

Kumbe huko Bathurst, mbali kusini, mtu alijenga nanasi la ghorofa kadhaa katikati ya mashamba, unaingia ndani na kupanda ngazi. Huko ndiko alitaka tufike, tukipita kwenye mengine njiani. Anti alikuja kwa sababu Ravi alimwomba, na kwa sababu dawa zote za mzee ni yeye anayezijua.

Tulipofika kwenye robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, Anko akaniambia, "Mwambie Anti apandishe kioo, baridi inaingia." Anti alikuwa kiti cha nyuma, anasikia kila neno. Nilicheka nikidhani ni utani. Nilicheka peke yangu. Anti akasema, "Mwambie Anko avae koti lake, liko miguuni pake."

Nikamwambia, akavaa.

Pale Howick, kwenye maporomoko ya maji yaliyo katikati ya mji, Anko alikwenda ukingoni kupiga picha, nami nikabaki na Anti garini. Nikamuuliza kuna nini. Akanieleza bila kunitazama. Ravi alipokuwa anapanga kuhama, baba yake alijua miezi yote ile. Yeye mama alijua siku alipokuta masanduku sebuleni.

"Tangu siku ile sijamsemesha."

"Na mnakaa nyumba moja?"

"Nampikia, namfulia. Simsemeshi. Jirani akiwepo namtuma jirani. Asipokuwepo naiambia birika, 'Chai iko tayari,' naye anasikia."

Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa birika, Mama Neema. Toka Durban mpaka juu kule tambarare nilibeba maneno ya watu wawili waliokaa kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Mwambie kushoto kuna mlima. Mwambie nimeuona. Mwambie ameze kidonge. Mwambie nimekwisha kumeza.

Tulifika mahali Makaburu na Wazulu walipopigana zamani. Wameweka mikokoteni ya shaba, mikubwa kama ile ya kweli, imepangwa duara katika uwanda usio na mti wala nyumba. Ng'ambo ya mto Wazulu nao wana jengo lao, lenye habari yao. Anko alitaka asome pande zote mbili, akaenda polepole na fimbo yake, na upepo ule. Mimi nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimelala kidogo mno usiku wa kwanza, na hata robo ya njia tulikuwa bado hatujafika.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikumwambia Bahati. Katika mji mdogo mmoja tulisimama kutia mafuta, na mimi nilikuwa nikiongea naye kwenye simu, kwa Kiswahili. Yule kijana wa mafuta akaniangalia mpaka nikakata. Akasema, "Wewe si wa hapa. Mwezi wa nne hukuona yaliyowapata wenzako?" Unakumbuka mwezi wa nne, wageni walipokuwa wakipigwa, nililala kanisani na wengine wote wa jengo letu.

Anti akafungua mlango, akashuka na magoti yake yale mabovu, akasimama kati yetu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

Kijana akataja jina.

"Na mama yako? Yuko hai? Anajua unavyosema na watu waliomzidi umri?"

Yule akaangalia chini. Akajaza mafuta, hata kioo akafuta. Tukaondoka. Tulipofika mbali kidogo Anko akasema, "Mwambie Anti amefanya vizuri."

Nikamwambia, "Anti, Anko anasema umefanya vizuri."

"Mwambie nimesikia."

Siku ile ndipo nilipoanza kuchoka kwa namna ambayo usingizi hauitoi.

Kimberley tuliona shimo. Watu walilichimba kwa sururu wakitafuta almasi, mpaka likawa kubwa kiasi kwamba ukisimama ukingoni, maji ya chini yanaonekana kama sahani ya kijani. Anko akasema mwambie watu walichimba hili kwa mikono. Anti akasema mwambie najua kusoma, imeandikwa hapo. Nilitazama lile shimo nikawaza, watu hawa wataendelea hivi mpaka mmoja azikwe, na atakayebaki atamtuma nani?

Baada ya hapo tukaingia nchi kavu wanayoiita Karoo. Baridi ya asubuhi inaacha barafu kwenye majani, na njia inakwenda tu. Tulikuwa kwenye barabara ya vumbi, Anko akaanza: mwambie ametia chumvi nyingi kwenye mayai. Anti: mwambie ulimi wake ndio umeharibika kwa dawa. Anko: mwambie hata kabla ya dawa. Nikasimamisha gari kando. Kondoo walikuwa wakituangalia kutoka nyuma ya seng'enge.

"Anko, Anti, mnisamehe," nikasema. "Mikono yangu inaendesha, macho yangu yanatazama njia, hayo nitayafanya mpaka tufike. Mdomo umechoka. Kuanzia hapa sibebi tena neno la mtu."

Nilifikiri wataniambia nishuke. Anko akageuka kuwatazama wale kondoo, Anti akafunga mkoba wake. Nikawasha gari, tukaenda kimya mpaka kijijini Nieu-Bethesda.

Kijiji hicho kina nyumba ya mwanamke mmoja wa zamani aliyekaa peke yake, akajaza ua wake sanamu za saruji: ngamia, watu walioinua mikono, na bundi. Bundi kila mahali, wenye macho ya kioo. Unajua sisi na bundi. Nilisimama langoni, nikakataa kuingia. Anti naye alikaa kwenye benchi nje. Anko akaingia peke yake.

Nilimwona akienda kati ya sanamu, anapiga picha, anasimama, anapiga tena. Kisha nikamwona ameshika shingo ya ngamia kwa mikono miwili, halafu anateremka taratibu mpaka chini. Vumbi na baridi vilikuwa vimefunga kifua. Pampu yake ya kuvuta dawa ilikuwa kwenye mkoba wa Anti. Nikakimbia ndani, bundi au si bundi, nikapiga magoti. Alininyanyulia mkono nisimshike. Alikuwa anatazama nyuma yangu, langoni.

"Devi," akasema. Pumzi ilikuwa ndogo sana. "Devi, pampu."

Nilikuwa silijui jina lile. Niligeuka, Anti alikuwa amekwisha kufika, mkoba umefunguka, vitu vingine vimeanguka njiani. Akamwekea pampu mdomoni, akamshika kidevu. "Vuta. Ngoja. Sasa vuta tena." Wakakaa hivyo chini kwenye saruji mpaka rangi ya midomo yake ikarudi.

Ndipo alipoanza. Alikuwa akimpangusa vumbi kwenye koti, na kila mpanguso ulikuwa kofi.

"Ulijua. Ulinitazama namnunulia mashuka mapya ya kitanda chake, na ulijua anaondoka."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ungemzuia, Devi. Na mimi nisingeweza kukukatalia. Sijawahi kuweza."

"Basi ningemzuia. Lakini ningemuaga pia. Nilikuwa na haki ya kumuaga mtoto wangu wiki nzima, wewe ukanipa saa moja."

Anko alilia. Nikaondoka, nikaenda kuokota vitu vya mkoba.

Usidhani baada ya hapo walikuwa kama maharusi. Waligombana toka Nieu-Bethesda mpaka Bathurst. Waligombania miaka yote: harusi ya Ravi ambayo hawakuiona, jino lililong'olewa, chumvi. Lakini mimi niliendesha tu, na shingo yangu ikalegea.

Nanasi lipo kweli. Ni kubwa, lina rangi ya nanasi bivu, na majani yake ya kijani yako juu angani. Anko aliziangalia zile ngazi, akajua hawezi. Safari yote ile, akafika mlangoni tu. Anti akampa mkoba aushike, akapanda mwenyewe akishikilia ukuta, na sisi tukangoja chini. Baada ya muda kichwa chake kikatokeza juu kabisa.

"Unaona nini?" Anko akauliza kwa nguvu aliyokuwa nayo.

"Mashamba. Mananasi ya kweli, madogo."

"Nini tena?"

"Bahari. Iko mbali."

"Na Amerika?"

"Usiwe mjinga, Siva."

Simu ikalia, ni Ravi, alikuwa anapiga kila Jumapili. Anko akaweka sauti ya nje. Ravi akauliza, "Nani anapiga kelele huko?"

"Mama yako. Yuko juu ya nanasi, ananitukana."

"Anakutukana wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Kisha Ravi akasema, "Baba, usikate. Niache nisikilize."

Tulirudi kwa njia ya Kokstad, kwenye ukungu, sioni hata mstari wa barabara. Nilipofika chumbani nililala na viatu. Anko sasa hashuki tena, anapumua kwa mtungi wa oksijeni, na daktari hasemi habari njema. Lakini dirisha lao liko juu ya sehemu yangu ya kazi, na nikiwa pale nawasikia wakibishana kuhusu televisheni. Jana Anti aliniletea chakula. Nikamuuliza hali ya mzee. Akasema, "Sina muda wa kutosha wa kumgombeza."

Sasa, Sifa, mke wangu, niseme la kwetu.

Ulisema nirudi. Mimi nikasema huko tambarare ya Ruzizi bunduki bado zinalia, na hapa angalau napata cha kuwatumia. Wewe ukasema afadhali njaa ya pamoja. Kisha ukampa Bahati simu. Toka siku ile ni "Shemeji, dada anasema," na "Bahati, mwambie dada yako." Mimi nimekaa ndani ya gari la watu wanaoishi hivyo, na najua linavyonuka. Nimemwambia Bahati aliache hilo jukumu. Hakukasirika. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Sijui kama ni mimi nitakayerudi au ni ninyi mtakaokuja. Usiku mmoja naona hivi, usiku mwingine naona vile. Huenda unayosema ni kweli, na mimi naogopa tu kurudi nikiwa mikono mitupu baada ya miaka yote hii. Lakini sitaamua kitu ambacho sijakusikia ukikikataa kwa sauti yako.

Nisalimie mama mkwe, umwambie mgongo wake namwombea. Nisalimie shangazi wa Kavimvira, anayeuza mawese, na yaya Mapendo aliyewafundisha watoto kusoma. Babu jirani, aliyetuazima baiskeli siku ya harusi, kama bado yuko, mpe mkono wangu. Watoto uwabusu, na Josué umwambie kuna nanasi ambalo mtu anaweza kuingia ndani. Asipoamini, nitamweleza mwenyewe.

Jumapili ibada ikiisha nitapiga. Ukitaka kunigombeza, anza mara moja, usinisalimie. Ukishika ukanyamaza, nitangoja na nitasikiliza unavyopumua. Ila Bahati usimpe simu.

Mumeo anayechoka mbali nawe,
Baba Neema