Samaki Mwenye Kofia ya Sufu

Minneapolis, 12 Januari 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Na mkono? Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu imetia fora. Mchoro wako wa samaki aliyevaa kofia ya sufu umefika, nikacheka peke yangu jikoni. Nataka kumtengenezea beji za chuma na stika, niuze kwenye soko la wasanii mwezi wa tano. Usikatae kabla hujafikiri. Miaka arobaini umeandika mabango ya maduka ya Duluth. Kiharusi kimechukua mkono wa kulia, macho kimekuachia.

Mwanao,
Aili

Duluth, 21 Januari

Binti yangu,

Marahaba. Sijambo, nakula, nalala. Mkono wa kulia bado mvivu, na huu wa kushoto unachora kama kuku aliyekanyaga wino. Ukiona wapo watu wa kununua mikwaruzo hiyo, endelea, ila usije ukasema sikukuonya. Nimenunua kalamu mpya tatu.

Baba yako,
Reino

Minneapolis, 18 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini theluji haijakufungia mlango. Sampuli ya beji imetoka kiwandani, nimekuwekea humu. Tazama kofia yake ilivyo nyekundu. Ukiipenda, nawaambia watengeneze mia mbili.

Mwanao,
Aili

Duluth, 26 Februari

Aili,

Beji nimeiona. Samaki ni mzuri, lakini si wangu. Mgongo wake umenyooka kama rula. Wangu ulitetemeka, kwa sababu mkono wangu unatetemeka. Kama unanionea aibu, ungesema tu. Kalamu nimempa jirani yangu Veikko.

Reino

Minneapolis, 2 Machi

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Ni kweli, nilimnyoosha. Rangi ya beji humiminwa katikati ya kuta nyembamba za chuma, na kuta hizo ndizo mistari yako. Mstari ukiacha mwanya, rangi zinaingiliana na kazi inaharibika. Mchoro wako ulikuwa na mianya tisa. Ningeziba hiyo tisa nikaishia hapo. Lakini nilipokaa kwenye kompyuta nikanyoosha hapa, nikanyoosha pale, mpaka nikammaliza samaki mzima.

Sikukuonea aibu. Niliogopa watu watakucheka, na sasa naona hayo mawili hayapishani sana. Nisamehe, baba. Kiwandani nimewaandikia wasimamishe. Bahati nzuri walikuwa hawajaanza. Mchoro wako naurudisha, mianya nimeizungushia penseli. Ukitaka, izibe mwenyewe. Usipotaka, sitengenezi kitu.

Mwanao,
Aili

Minneapolis, 29 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki ya nne hii. Nikipiga simu unasema umekula, unakata. Habari za soko achana nazo. Ninachoogopa ni kwamba nimekufanya uache kuchora. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Aili

Duluth, 6 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mianya tisa imezibwa. Nilikwenda kwa Veikko kudai kalamu zangu, nikamkuta anajazia chemshabongo, mzee hana haya. Kila mwanya umenilia asubuhi mbili tatu, na ule wa mkiani wiki nzima. Ndiyo maana ya kimya, si hasira. Hasira iliisha wiki ya kwanza. Mistari ya zamani sikuigusa, na wewe usiiguse.

Baba yako,
Reino

Minneapolis, 11 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Hizi hapa beji kumi na stika zako. Kiwandani waliuliza kama ule mgongo wa mawimbi ni kosa. Nikawajibu ndivyo alivyo. Sijui hata nikueleze vipi nilivyopumua ulipoandika.

Mwanao,
Aili

Duluth, 19 Mei

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima, tena sana. Jumapili nilibandika beji kwenye koti, nikaenda kunywa kahawa ya baada ya ibada kanisani, sikumwambia mtu. Elma Niskala, yule niliyemwandikia bango la duka la mikate mwaka 1981, akainama akaitazama kwa muda mrefu.

“Reino,” akasema, “huu si mkono wako?”

Nikamwambia ndiyo, lakini wa kushoto.

“Wa kushoto, wa kulia, mimi ningeujua popote.”

Ilibidi nisogee dirishani kidogo. Mwaka mzima nilidhani yule mtu aliyekuwa akichora amekufa, Aili, na mimi nimebaki kumlindia nyumba. Kumbe yupo. Humu nimekuwekea bata wanne na sungura mmoja. Mistari yao yote nimeifunga mwenyewe.

Baba yako,
Reino